Shajara ya laal maas: mchuzi mwekundu usiotiwa nyanya

Mwanzo: ninachokitafuta

Mradi ni huu: kupika laal maas, mchuzi wa nyama wa Rajasthan, hapa nyumbani Dar es Salaam, mpaka utoke unavyopaswa kutoka. Jina lenyewe maana yake ni nyama nyekundu, basi. Ndani yake kuna mbuzi mwenye mifupa, pilipili kavu nyingi, kitunguu saumu kingi, mtindi na samli. Nyanya haimo, na hilo ndilo lililonivuta. Kwetu mchuzi ukitakiwa uwe mwekundu mkono unakwenda moja kwa moja kwenye nyanya, na nyanya zikipanda bei unakwenda kwenye kopo. Najua wapo wanaoitia nyanya hata laal maas, lakini mimi nautaka ule wa zamani: rojo la rangi ya damu ya mzee, zito, lenye uchachu kidogo, bila nyanya hata moja. Ndani ya sufuria hiyo rangi itoke wapi, uzito utoke wapi, uchachu utoke wapi? Nataka kuvijua vyote kwa mkono wangu.

Nimeanza kwa kuisoma nchi yenyewe. Rajasthan ipo kaskazini-magharibi mwa India, na upande wake wa magharibi umetawaliwa na jangwa la Thar. Maji yalikuwa ya kubana, mifugo ilikuwepo, kwa hiyo wapishi wa huko walizoea kupikia maziwa, mtindi na samli mahali ambapo mpishi wa nchi ya mvua angemimina maji. Laal maas ni chakula cha Warajput, watawala wa Marwar kule Jodhpur na Mewar kule Udaipur, na asili yake inatajwa kuwa kambi za uwindaji. Nyama ya nguruwe pori au ya swala ina harufu nzito, na pilipili na kitunguu saumu ndivyo vilivyokuwa vikiikata. Mwaka 1972 India ilitunga sheria ya kulinda wanyamapori, uwindaji ukafungwa, na siku hizi nyama ya chungu hiki ni mbuzi.

Ukiliangalia jangwa hilo, mapishi yanajieleza yenyewe: pilipili iliyokaushwa haiozi, samli haiharibiki upesi, na mtindi upo kila penye mifugo. Nyanya mbichi inataka maji na inataka kuliwa wiki hiyohiyo.

Jumamosi: Kisutu

Pilipili ya laal maas ni ya Mathania, kijiji kilicho karibu na Jodhpur. Ni ndefu, rangi yake imekolea, na ina ukali wa kuheshimiwa. Hapa mjini sijaipata, kwa hiyo nimekwenda kwenye maduka ya viungo ya Kisutu kutafuta ndugu zake.

Dukani alikuwepo mama wa makamo, miwani imemshuka puani, anapima bizari.

“Shikamoo mama. Natafuta pilipili kavu yenye rangi kali, lakini ukali wa mdomoni uwe wa wastani.”

“Marahaba mwanangu. Unapika nini?”

Nikamwambia. Akaziacha pakiti za unga zilizokuwa mbele yangu, akateremsha mfuko kutoka rafu ya juu. “Ya unga huijui imesagwa lini. Chukua nzima. Tazama.” Akaikunja moja kati ya vidole viwili. Ilipinda kwanza, ikachelewa kupasuka, na mahali ilipopasuka palitoka harufu ya utamu fulani wa tunda kavu. Akaniambia inayovunjika papo hapo na kumwaga vumbi la kahawia imekaa sana, rangi yake imeshakwenda. Ni pilipili za Kashmir, zimekunjamana ngozi yote. Nimechukua robo kilo. Kwa ajili ya ukali nimepitia Kariakoo nikaongeza pilipili ndogo kavu, zile nyembamba za kila siku.

Rangi na ukali wa pilipili ni vitu viwili mbalimbali, na mapishi haya yote yanasimama juu ya jambo hilo. Wekundu unatokana na kapsanthini, ukali unatokana na kapsaisini, na pilipili inaweza kuwa nayo mengi ya moja na machache ya nyingine. Kwa kipimo cha ukali alichokibuni Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani, mwaka 1912, pilipili ya Kashmir hutajwa kuwa kati ya 1,000 na 2,000. Pilipili mbuzi yetu, ambayo ni ya ukoo wa habanero, huanzia kama 100,000. Maana yake ni kwamba sufuria inaweza kupokea pilipili za Kashmir ishirini na bado ikalika, wakati pilipili mbuzi mbili tu zingewafanya watu waache sahani. Pilipili mbuzi pia ina harufu yake ya tunda bichi ambayo kwenye samaki wa kukaanga naipenda sana, lakini humu ingekuwa mgeni.

Nimekaa nikifikiri pia kwamba pilipili yenyewe ni mgeni kote, India na huku. Ni mmea wa Amerika. Wareno, ambao Vasco da Gama aliwapitisha Malindi mwaka 1498 akielekea Calicut, bandari ya India, ndio waliouingiza kwenye biashara ya Bahari ya Hindi katika karne ya 16. Kabla ya hapo India ilitafuta ukali kwenye pilipili manga. Laal maas tunayoijua leo, pamoja na sifa zake zote za kifalme, haiwezi kuzidi umri huo.

Jumapili: kuloweka na kusaga

Nimezitoa vikonyo, nikazipasua kwa mkasi, nikazikung’uta mbegu. Watu wengi husema ukali umo kwenye mbegu. Kwa kweli mbegu haitengenezi ukali. Unatengenezwa kwenye utando mweupe unaozishika, na mbegu zinaupata kwa kugusana nao. Kwa hiyo nimeukwangua ule utando kwenye pilipili ndogo na kuuacha kwenye za Kashmir, ambazo hazina makuu.

Nimezipitisha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, sekunde chache kila upande, mpaka zikanukia. Hapo ni pa kusimama nazo: zikipata weusi, uchungu wake hauondoki kwa kitu chochote utakachotia baadaye. Kisha maji ya moto, nusu saa, mfuniko juu. Nimesaga kwa blenda na maji kidogo ya kulowekea, nikapitisha kwenye chujio na kusukuma kwa mgongo wa kijiko. Maganda yaliyobaki juu ni machache lakini ni magumu, na yangekwama kooni kwa kila mlaji. Kilichoshuka chini ni uji mzito, laini kabisa.

Nimeujaribu uji huo kwa vikombe viwili vidogo. Kijiko kimoja nimekitia kwenye maji ya moto, kingine kwenye samli ya moto. Maji yaligeuka machafu tu, rangi ya matofali, na uji ukazama chini. Samli ilivuta wekundu wote ndani ya dakika moja, ikawa nyekundu ya kung’aa huku ikiwa angavu. Kapsanthini inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Kikombe hicho cha samli kimenijibu swali la rangi. Rojo hili haliwezi kuwa jekundu kama pilipili hazikukutana na samli ya kutosha, na kwa muda wa kutosha. Anayepunguza samli kwa kuhurumia afya apike mchuzi mwingine, huu hautampa anachokitafuta.

Bucha

“Kaka, naomba kilo moja na nusu. Bega, shingo, na mguu wa mbele, mifupa yake yote.”

“Nikukatie vya mchuzi, bosi?”

“Vikubwa kidogo kuliko vya mchuzi. Itakaa jikoni muda mrefu.”

Sikuchukua steki. Nyama isiyo na mfupa wala kano inaiva upesi na kukauka, na haina cha kulipa rojo. Bega na shingo zina kolajeni, ule ugumu unaonata kwenye kano na ngozi za nyama, ambao ukikaa kwenye moto mdogo kwa muda unageuka jelatini na kuingia kwenye mchuzi. Ndiyo ile inayofanya midomo ishikane kidogo ukila supu ya makongoro. Hapo nimeipata nusu ya jibu la uzito wa rojo, na ni jibu ambalo mpishi yeyote wa pwani analijua hata kama hajawahi kulitamka.

Kule Rajasthan hulainisha nyama kwa kachri, tunda dogo la jamii ya matango na matikiti linaloota lenyewe jangwani. Hukaushwa na kusagwa, na mbali na kulainisha linatia uchachu. Sisi tuna papai bichi kazi hiyohiyo, kama kwenye mishkaki. Nimelipima: kijiko kimoja cha papai lililosagwa kwa kilo, lisizidi saa moja. Kwa mbuzi mchanga kama huyu nimeona halihitajiki, linaifanya nyama ipoteze nyuzi zake kabla rojo halijawa tayari. Nimeliacha. Kwa beberu mzee nitalirudisha.

Jumatano: mtindi

Sehemu hii imenichukua muda kuliko zote, na ndiyo inayowafanya wengi wakimbilie nyanya.

Mtindi ukiingia kwenye sufuria ya moto unakatika. Protini yake, kaseini, tayari imeshikana kwa sababu ya uchachu. Ukiipiga na joto la ghafla inajikaza, inakamua maji nje, na unabaki na chembechembe nyeupe zinazoelea kwenye mafuta mekundu. Bado inalika, lakini si rojo. Nimeona mambo manne yanasaidia, na kila moja lina uzito wake.

La kwanza ni mafuta ya mtindi wenyewe. Uliotolewa mafuta unakatika mara moja. Nimetumia wa maziwa kamili, na kwa kuwa ulikuwa mwembamba nimeufunga kwenye kitambaa safi cha pamba na kuuning’iniza juu ya bakuli kwenye friji tangu asubuhi hadi jioni. Maji ya manjano yaliyochuruzika yalijaza zaidi ya kikombe. La pili, kuupiga kwa uma mpaka usiwe na donge. La tatu, kuuzoesha joto: vijiko viwili vitatu vya rojo la moto ndani ya bakuli la mtindi, koroga, ongeza tena, ndipo uende sufuriani. La nne, baada ya kuutia, mwiko usitoke mkononi mpaka uchemke upya. Ukishachemka umepita hatari.

Wapo wanaotia kijiko cha unga wa dengu ili ushikane. Unafanya kazi, lakini unaacha ladha ya bajia nyuma ya ulimi, na mimi nautaka mchuzi huu usafi wake.

Zipo njia mbili za kuutumia: kulaza nyama ndani ya mtindi usiku kucha, au kuutia mtindi sufuriani baadaye. Nimepika zote mbili kwa nyama ya mbuzi huyohuyo. Iliyolazwa ina chumvi hadi mfupani na uchachu wake umetulia. Ya pili ina uchachu unaosikika juujuu. Nimeichagua ya kulaza: mtindi, uji wa pilipili wote, giligilani ya unga, bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, chumvi. Usiku mzima kwenye friji. Kesho yake, kabla ya kuwasha jiko, bakuli linatolewa nje lipungue ubaridi, ili lisiingie sufuriani likiwa barafu.

Jumamosi: sufuria nzito

Nimeazima sufuria ya chini nene, kwa maana yangu nyembamba inaunguza.

Samli nyingi, gramu 150 kwa nyama ile ya kilo moja na nusu. Ilipopata moto nimetia iliki nyeusi mbili, iliki za kawaida tano, karafuu sita, kipande cha mdalasini na majani mawili ya tej patta, ambayo ni ya mti wa ukoo mmoja na mdalasini. Anayeishi Unguja anaweza kutumia majani ya mdalasini wenyewe. Orodha ya viungo inaishia hapo. Anayeongeza kungumanga, basibasi na garam masala ya pakiti anazifunika pilipili alizozihangaikia.

Vitunguu maji vikubwa vinne, vimekatwa vyembamba sawasawa. Nimevikaanga nusu saa. Dakika kumi za mwanzo havifanyi kitu, vinatoa maji tu. Kisha vinasinyaa, vinaanza kushika rangi pembeni, na kuanzia hapo vinakwenda kwa kasi: dhahabu, kahawia, na hatua moja mbele ni kuungua. Nimevisimamisha kwenye kahawia. Vitunguu hivi vikiyeyuka ndani ya nyama ndivyo nusu ya pili ya uzito wa rojo, na utamu wake unakaa chini ya pilipili kuishikilia.

Kitunguu saumu ni kichwa kizima kikubwa na nusu. Nusu imetwangwa kwenye kinu na kutiwa sasa, nyingine imekatwa vipande na inasubiri. Harufu ya ubichi ilipokwisha nimemimina nyama na mtindi wake kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko mwanzoni, moto mdogo, mwiko unazunguka.

Halafu ni kukaanga tu. Nyama inatoa maji, rojo linakuwa jepesi na la rangi ya waridi iliyopauka, na hapo moyo unaweza kukata tamaa kwa kuwa wekundu wote umeondoka. Mtu akae nalo. Maji yalipungua, mlio wa sufuria ukabadilika kutoka kuchemka kuwa kukaanga, rojo likaanza kushika chini. Nimekwangua, nimetia kijiko kimoja cha maji ya moto, nimekwangua tena. Baada ya kurudia hivyo kwa dakika arobaini, samli ilianza kutoka pembeni, nyekundu tupu, ikizunguka nyama yote. Ni ileile rangi ya kikombe changu cha majaribio, safari hii ipo sufuria nzima.

Ndipo nikatia maji ya moto vikombe viwili, mfuniko, moto mdogo kabisa, saa moja na nusu. Vipande vya saumu vilivyobaki vimeingia robo saa kabla ya kuzima.

Moshi

Wapishi wa Rajasthan humalizia kwa dhungar, yaani kufukiza chakula. Nyumba ya Mswahili haihitaji kufundishwa kufukiza. Kama chetezo kipo, ujuzi upo. Nimechukua kaa moja la mkaa wa mti, likawaka mpaka likawa na majivu meupe pande zote. Bakuli dogo la chuma katikati ya nyama, kaa ndani yake, karafuu tatu juu ya kaa, kijiko kimoja cha samli. Moshi mzito mweupe ukapanda mara moja, mfuniko ukafungwa, na taulo limezungushwa pembeni moshi usitoke.

Dakika tano zinatosha. Nimeonja pia baada ya kumi na tano na moshi ulikuwa umeshatawala, pilipili hazisikiki. Mkaa uwe wa mti mtupu. Ule wa kubonyezwa viwandani, unaowekewa dawa ya kuwaka haraka, usikaribie chakula. Na dirisha liwe wazi.

Mkate wake

Laal maas huliwa kwa mkate wa bajra, na bajra ni uwele. Nafaka hiyo ni ya Afrika tangu asili, ilianza kulimwa Sahel ya magharibi na ikafika India miaka kama elfu nne iliyopita. Kwetu Dodoma na Singida wanaula ugali wake. Nimenunua unga Kariakoo kwa muuzaji anayeuleta kutoka Dodoma.

Unga wa uwele hauna gluteni, kwa hiyo haufutuki wala kuvutika kama wa chapati. Maji yawe ya moto, unga ukandwe kwa kisigino cha kiganja na kidonge kimoja kimoja kwa wakati wake, kwa sababu ukikaa unapasuka. Unatandazwa kwa viganja, bila kusukumwa kwa mti. Mikate yangu bado ina nyufa pembeni na ni minene kuliko ninavyotaka. Ladha ipo: uchungu mdogo, harufu ya nafaka iliyochomwa, na samli juu. Inabeba ukali wa rojo vizuri kuliko wali.

Jumapili: mezani

Sufuria imelala usiku mmoja na imekuwa bora. Dada yangu na mumewe wamekuja, na mama pia.

Shemeji alipakua, akalitazama rojo, akachovya mkate. “Shemeji, hapa umetia nyanya ngapi?”

“Hakuna hata moja.”

Akachovya tena, bila kujibu, na mara hii alikuwa anaonja kwa makini. Aliutaja uchachu wa mtindi mwenyewe, sikumsaidia.

Ukali ulipanda polepole, ukakaa nyuma ya koo na kwenye paji la uso. Mama alikuwa anafikia glasi ya maji, nikamsogezea bakuli la mtindi wa baridi. Maji hayaiyeyushi kapsaisini, yanaitembeza tu mdomoni. Kaseini ya mtindi inaishika na kuiondoa. Mama alimaliza sahani yake, akaniambia, “Mwanangu, mara nyingine nipunguzie zile ndogo, hizi kubwa ziache.” Ni maoni sahihi, na nimeyaandika kwenye vipimo.

Vipimo vinavyosimama kwa sasa

Kwa kilo moja na nusu ya mbuzi: pilipili za Kashmir 25, ndogo kali 4 (zilikuwa 7 kabla ya maoni ya mama), mtindi uliochujwa gramu 350, samli gramu 150, vitunguu maji vikubwa 4, kitunguu saumu kichwa kimoja na nusu, giligilani ya unga vijiko vikubwa 2, bizari nyembamba kijiko kidogo kimoja na nusu. Chumvi kwa kuonja, lakini iliyo nyingi iingie usiku wa kulaza.

Kinachofuata

Mkate wa uwele bado ni kazi. Nitajaribu unga uliosagwa laini zaidi. Pilipili za Mathania nimeziagiza kupitia jirani anayesafiri kwenda India, na zikifika nitapika sufuria mbili sambamba, moja ya Kashmir na moja ya Mathania, nyama ya mbuzi mmoja.

Baada ya hapo nataka kwenda kwenye jungli maas, nduguye wa porini: nyama, samli, pilipili nyekundu nzima, chumvi, na maji ya kunyunyizia. Hakuna kitunguu, hakuna mtindi. Rangi na ladha yote ni juu ya pilipili na samli peke yake. Nimeshamwambia muuza bucha aniwekee bega Ijumaa.